Kivuli Hakilipiwi

Asubuhi ile Elizabeti alifungua friza kwa mkono mmoja, mkono wa pili kaziba nao mdomo, kama mtu anayefunua shuka la mgonjwa. Makopo yalikuwa yamejipanga vilevile alivyoyapanga jana. Maji yalikuwa maji. Alitumbukiza kidole kopo la juu, akatumbukiza la chini kabisa: baridi ya mtungi tu, baridi ya kumdanganya mtoto.

Nje, wachuuzi wa samaki walikuwa wameshatua ndoo zao, wakingoja barafu ya kuwafikisha Muheza, na wengine kupanda nayo hadi Amani ambako mla samaki hataki kusikia habari ya jua.

"Mama Queen! Barafu ipo, au leo tena tumekuja kukutazama uso?" Aliyeuliza ni Mwanamkasi, mwanamke mwenye ulimi wa kukwangua ukoko.

"Haijaganda, shoga angu."

"Juzi haikuganda. Jana ikaganda utando. Leo haijaganda. Basi usiiite friza. Iite kabati, utie nguo."

Wakacheka. Elizabeti naye akacheka, maana mteja akikucheka huna budi kumsaidia. Wakafunika samaki wao kwa magunia yaliyoloweshwa, wakaanza kuondoka mmojammoja. Mwanamkasi alibaki nyuma, akaipandisha ndoo yake kichwani, na sauti yake ikapoa.

"Si sisi tunaokukimbia, Mama Queen. Samaki ndiye anayetukimbia. Nikifika naye Muheza macho yamezama, mnunuzi ananiambia nimrudishe baharini akapumzike."

Friza ile haikuwa kitu cha mchezo. Ndani yake kilikuwa kimelala kiinua mgongo chote cha Fanueli, mumewe, aliyekata mkonge mpaka mgongo wenyewe ukakataa kuinuka. Miaka yote aliyokata, mashine ya kusindika ilinguruma kwa umeme, nyumba ya meneja iliwaka taa hadi kwenye maua, na kambini watu walikula ugali kwa koroboi. Waya ulipita juu ya mapaa yao kama ndege asiyetua. Kisha wakaja watu wa kupima, wakapaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa Elizabeti, alama ya mahali pa nguzo. Rangi ikapauka. Nguzo haikuja. Ilipokuja kampuni ya sola na friza ya kulipia kidogokidogo, tanguliza kiasi, mengine lipa kwa simu, nani angekataa?

Sasa sanduku la betri ukutani lilikuwa na taa nyekundu. Barafu haikuganda, kwa hiyo fedha haikuingia. Fedha haikuingia, kwa hiyo malipo hayakwenda. Malipo hayakwenda, kwa hiyo kampuni, kutoka huko iliko, ikabonyeza kitu na kuufunga mtambo. Ujumbe ukaingia kwenye simu: ndugu mteja, usipolipa hadi Ijumaa mtambo utachukuliwa na fedha uliyotanguliza haitarudishwa.

Elizabeti aliusoma, akampigia kijana aliyewafungia mtambo. "Njoo. Ufungue hilo kufuli angalau kwa kujaribia, uone mwenyewe."

Bryson alikuja saa sita mchana juu ya bodaboda, fulana ya kampuni imepigwa pasi, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja saa ileile."

"Saa ipi?"

"Ile uliyokuja kufunga."

Bryson hakuelewa. Akaufungua mtambo kwa namba za fundi, akapanda ngazi, akachomeka kipimo chake, akashuka anatabasamu. "Mtambo mzima kabisa, mama. Umeme unaingia kama maji. Labda mnafunguafungua mno mlango wa friza."

"Kaa."

"Nina wateja Tongoni, mama..."

"Na mimi nina wateja. Kaa kwenye kigoda hicho. Simu tia mfukoni. Angalia bati."

Kigoda kile Elizabeti alikuwa amekikalia yeye kutwa nzima ya juzi, akimenya mihogo polepole ili majirani wasiseme amerukwa na akili. Hakuna aliyemfundisha umeme. Alilitazama paa lake tu. Uani kwake kulikuwa na minazi miwili, mmoja mashariki mwa nyumba, mmoja magharibi. Ule wa mashariki uliifunika paneli tangu jua linachomoza. Ukimaliza zamu yake, jua lilisimama wima kidogo; kisha ule wa magharibi unaanza.

Wakakaa. Kivuli kikatokea kwenye ukingo wa bati, chembamba kama ukili wa mkeka. Kikatambaa. Kilipogusa kona ya paneli, taa ya kijani kwenye sanduku, waliyoiona kupitia mlango ulio wazi, ilififia. Kilipofika katikati, ikazimika.

"Du!" alisema Bryson.

"Sema vizuri."

"Sikuona, mama."

"Ungeona wapi? Ulikuja saa sita, ukaondoka kabla kivuli hakijafika. Kikabaki na mimi. Na kila siku nakilipia."

Bryson alikuna kisogo. "Lakini suluhisho ni dogo. Kateni hii minazi. Si kiwanja chenu?"

"Hamisha paneli."

"Ihamie wapi? Paa lenu lote limo kivulini. Halafu mkataba unataka paneli ikae juu ya nyumba ya mteja. Na hilo deni, mama, mimi silifuti. Ijumaa nitarudi na guta la kubebea mzigo. Usinichukie. Mimi natumwa tu."

Hilo ndilo neno lao wote. Mnyapara wa mkonge alitumwa. Aliyepaka rangi ya nguzo ukutani alitumwa. Nchi nzima imejaa waliotumwa. Anayewatuma ndiye hajawahi kuonekana na mtu. Bryson akaufunga tena mtambo kama alivyoukuta, akaaga kwa adabu, bodaboda ikamchukua.

Alfajiri iliyofuata Elizabeti aliamshwa na sauti ya chuma juu ya jiwe. Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, kachuchumaa kwa shida, ananoa shoka.

"Unataka nini na hilo, Baba Queen?"

"Kiwanja hiki nilikinunua."

"Ulinunua ardhi."

"Na kilicho juu yake. Kwetu Bumbuli, kule mlimani, ukinunua shamba, mgomba uliomo ni wako. Hata panya aliyemo ni wako."

"Hapa si Bumbuli."

Wala si Bumbuli kweli. Pwani hii ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na wawili hao wanaweza wasiwe mtu mmoja wala dini moja. Bibi Mwatumu alipowauzia kipande kile alisema mbele ya mashahidi: nchi nawapa, minazi sitoi. Nitaingia na mkwezi wangu niangue nazi zangu. Zitakazodondoka zenyewe ni zenu, kwa ajili ya kunilindia. Fanueli aliitikia kwa kichwa akidhani ni maneno ya kizee ya kufungia mazungumzo.

"Ukiuangusha mnazi wa watu," alisema Elizabeti, "tutahama hapa na friza kichwani."

"Na nisipouangusha tutabaki hapa bila friza."

Alikuwa kasema kweli, na kweli yenyewe haikuwa na pa kushikwa. Elizabeti akalichukua shoka mkononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kisu. Akalitia uvunguni. Akajifunga kanga, akavuka kwenda kwa jirani.

Bibi Mwatumu alikuwa barazani anasuka makuti. Hakuinua macho.

"Hodi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nasikia shoka linanolewa tangu adhana. Mnachinja ng'ombe?"

Elizabeti akaketi kwenye ncha ya jamvi. "Minazi yako inanizibia jua, bibi."

"Minazi yangu ilikuwepo kabla ya hilo jua lako la kununua." Vidole vikaendelea kusuka. "Tazama huku kwangu. Yote imekufa kwa maradhi, imebaki vigogo visivyo na vichwa. Yenye uhai ni hiyo miwili iliyo kwenu. Ndiyo chumvi yangu, ndiyo sabuni yangu. Nikiikata nile nini? Nile taa?"

"Sikuja kuomba uikate. Nimekuja kuomba paa lako."

Vidole vikasimama.

"Paa langu?"

"Kwako hakuna kivuli. Nataka niiweke paneli hapa, waya uende kwangu."

"Ama nyie watu wa kuja!" Bibi Mwatumu akaliweka kuti chini. "Mlikuja kukata mkonge mkapewa kambi. Mkataka kiwanja, mkapata. Sasa mwataka kunikalia utosini!"

Neno hilo Elizabeti alilimeza, na lilimkwaruza likishuka. Alizaliwa kambini, kitovu chake kilizikwa kambini, wazazi wake wote wawili wamelala kwenye makaburi ya kambini, na bado ni mtu wa kuja. Kuna watu hapa wamekuja mwaka jana na gari jeupe, nao huitwa wawekezaji.

"Mimi kitu cha kampuni sikitaki juu ya nyumba yangu," bibi aliendelea, na sasa sauti ilikuwa ya woga, si ya hasira. "Walikuja watu na mradi wao, wakahesabu minazi ya baba yangu, wakaniambia weka dole gumba hapa. Nikaweka. Minazi ikaenda. Malipo nayasubiri mpaka meno yamekwisha. Kitu cha watu kikikaa kwako, kesho wanasema na mahali pake ni pao."

Elizabeti alisogea katikati ya jamvi. Alikuwa amekuja na maneno ya kuomba, ya kupiga magoti, akayaacha yote.

"Bibi, minazi yako imesimama kwangu. Je, ardhi yangu imekuwa yako?"

"La."

"Nami nikiwa nimeishika ardhi, je, minazi imekuwa yangu?"

"Thubutu!"

"Basi hii paneli ni mnazi wangu. Itasimama kwako, nami nitaingia kuchuma. Nyumba haitakuwa yangu, na paneli haitakuwa yako. Sheria yenu wenyewe, sikuileta kutoka mlimani."

Bibi Mwatumu alimtazama, jicho moja kalifinya.

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Wewe. Siku uliyotuuzia."

"Na zinazodondoka?"

"Balbu moja, jikoni kwako."

"Na simu."

"Na simu utachaji, bibi."

"Hamjambo kwa maneno!" Akaliokota kuti lake. "Haya, leteni hiyo ngazi kabla moyo haujageuka. Na mwambie mumeo akinitobolea bati, mvua ya kwanza nitamlaza yeye chini ya tundu."

Elizabeti aliuza kuku wawili, akaenda Muheza dukani kwa Sakinabai kununua waya. Alitaka ule wa bei ndogo. Sakinabai aliurudisha kwenye rafu. "Mwembamba huu, mama, unakunywa umeme njiani. Chukua mnene, pungukiwa leo, kesho usilie." Akampunguzia kidogo, akamfokea kwa kutokuja na mfuko.

Fanueli alipanda paa la Bibi Mwatumu na mgongo wake ule, anasimama kila anapokaza skrubu, chini bibi anapiga kelele kama refa. Paneli ikakaa. Jua likaimwagikia tangu asubuhi hadi magharibi, hakuna jani lililolikatiza. Lakini sanduku lilibaki na taa yake nyekundu. Jua limefika mlangoni, kufuli limelizuia. Elizabeti alilitazama lile jua linapotea bure, akapandwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo hata siku za koroboi. Siku zile giza lilikuwa giza. Huu ulikuwa mwanga mtupu, na mtu kaukalia.

Ijumaa guta likaja, na Bryson, na wapakizi wawili wenye mikono kama miti ya maboma. Wachuuzi walikuwa ndiyo wanarudi na ndoo tupu, wakasimama. Msiba wa mtu hauhitaji kadi.

"Samahani, mama," alisema Bryson. Akainua macho kwenye paa. "Paneli iko wapi?"

"Imehamia kwenye jua."

Akaiona ng'ambo, juu ya bati la Bibi Mwatumu. Akawaashiria wapakizi. Walipofika, bibi alikuwa keshaweka kigoda chake chini ya ngazi, kakikalia, mikono kaikumbatia.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunachukua mali ya kampuni, bibi."

"Kampuni na mimi tumeandikiana?"

"Hapana, ila..."

"Nimetia dole gumba pahala?"

"Hapana, bibi."

"Safari hii sikutia." Aliwatazama wapakizi mmoja baada ya mwingine. "Basi atakayegusa ngazi hii nitapiga yowe la mwizi. Nami yowe langu mwalijua, au mwulizeni Mwanamkasi."

"Linafika Pangani!" alijibu Mwanamkasi. Watu wakaangua kicheko. Wapakizi, nao wana wa wanawake, walirudi wakaegemea guta lao.

Bryson akampigia bosi wake, akamweleza paneli ilikohamia. Elizabeti akamwambia weka sauti kubwa, kila mtu asikie. Akaweka. Sauti ya mtu aliyeshiba ikatoka kwenye simu.

"Mama, mkataba ni mkataba. Lipa deni, mtambo ufunguliwe."

"Nitalipa. Sijasema silipi. Nalipa jua. Kivuli silipi."

"Kivuli kinahusiana nini na kampuni? Jua ni la Mungu, mama."

"Mungu ameleta jua lake kila siku bila kukosa, na ankara hajanitumia. Fundi wako ndiye aliyeiweka paneli mahali ambapo halifiki. Wiki zile zote mliniuzia kivuli, bwana. Kivuli sinunui, nina minazi miwili inanipa bure."

Wanawake wakapiga vigelegele. Simu ikakohoa.

"Fundi wetu alipima. Taarifa yake inasema jua linatosha. Bryson, si ulipima?"

Watu wakamgeukia Bryson. Bryson alikuwa na kamisheni yake kwenye kila friza, na kosa la fundi hukatwa kwenye mfuko wa fundi. Alijua hilo, Elizabeti naye alijua, kwa kuwa mkonge ulikuwa na utaratibu huohuo. Hakumsemesha. Hakumbembeleza. Alimtazama tu, kama alivyomwambia atazame bati.

"Nilipima saa sita, bosi," Bryson alisema mwishowe. "Asubuhi na jioni paa lilikuwa kivulini. Sikungoja. Kosa langu."

"Unajua unachosema?"

"Najua."

"Na langu, kijana?" Mwanamkasi akasogea. "Zile taa zenu za kwangu, paneli mliifunga chini ya mkorosho. Nalipa, na usiku nalala na kibatari. Nilidhani ndiyo udhaifu wa sola za bei ndogo!" Nyuma yake sauti nyingine ikasema, na kwangu, na nyingine, na kwa mama yangu. Walikuwa wamelipa kimyakimya, kila mmoja akiona aibu peke yake ndani ya nyumba yake, akidhani mjinga ni yeye. Ndivyo wanavyotutawala hawa: si kwa nguvu, ni kwa kumfanya kila mtu aione aibu yake chumbani.

"Bwana mkubwa," Elizabeti aliuinamia mkono wa Bryson ulioshika simu, "unawasikia? Hawa wote ni wateja wako. Na sisi kwa kivuli hatulipi."

"Hatulipi!"

Bryson akaitazama simu kama imekatika. Kisha ile sauti ikarudi, imepungua shibe. "Sawa. Wiki za kivuli tutaziangalia."

"Usiziangalie. Zifute."

"...Zitafutwa. Paneli ibaki huko iliko. Bryson, mpe namba. Ila mama, ukichelewa tena..."

"Jua likichelewa, nitakupigia."

Bryson aliingia ndani, akabonyeza namba kwenye sanduku. Taa nyekundu ikawa ya kijani. Friza ikashtuka, ikatikisika, ikaanza kuunguruma, na Elizabeti akaweka kiganja juu ya mfuniko wake, akakiacha pale. Fanueli alikuwa kasimama mlangoni. Mtu huyu hakuwa na mazoea ya kusifu. "Mama Queen," alisema, "ungekuwa msemaji wetu enzi za mkonge, tungelipwa haki yote." Akatoka nje kumtafutia Bryson maji ya kunywa, kwa kuwa kijana alikuwa kakaa kizingitini, anahesabu moyoni mshahara wake uliopungua.

Barafu iliganda. Iliganda kweli, ikapasua kopo moja. Mwanamkasi aligonga kipande kwenye ndoo, kikalia ko, akasema sasa kabati limepata akili. Samaki wakafika Muheza macho yamewatoka.

Jumamosi hiyo jioni Fanueli alimaliza kuvuta waya wa balbu jikoni kwa Bibi Mwatumu. Elizabeti alikuwa amesimama karibu na swichi. Bibi alikuwa kaketi kando ya mafiga, anakuna nazi, anajifanya halimhusu.

"Niwashe, bibi?"

"Washa, ni zangu zilizodondoka."

Mwanga ukajaa. Bibi Mwatumu akainua uso, mbuzi ya kukunia ikanyamaza. Kuta zote nne zilikuwa nyeusi. Si nyeusi ya giza, nyeusi ya masizi, mazito, yanayong'aa kama lami, yamening'inia kwenye boriti kama ndevu. Alizitazama. Akatazama vyungu, akatazama kanga yake, akageuza viganja vyake viwili akavitazama navyo. Maisha yake yote alikuwa amepikia humu, amezaa humu, amekohoa humu.

"Kumbe nakaa ndani ya chungu," alisema polepole.

Mkono wa Elizabeti ulikuwa bado kwenye swichi.

"Zima," akasema. "Zima kwanza, watu wasione."

Elizabeti akazima. Wakakaa gizani watatu, makaa yanawamulika miguu. Kisha sauti ya bibi ikatoka, kavu, ya amri, ileile iliyowazuia wapakizi chini ya ngazi.

"Fanueli. Kesho ukitoka kanisani kwenu, uje na chokaa. Ukimaliza kupaka ndiyo uwashe. Nami nitawaita wote waje watazame."